Kula hii uwe dume: matangazo ya chakula na kichekesho cha mwanaume laini

Bango la Barabarani (mleta uzi):

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna uzi humu wa "wanaume wa Dar" unaendelea kurasa kwa kurasa. Utani ni ule ule: anakula chipsi kwa kijiti, anakunywa juisi kwa mrija, mvua ikinyesha anaomba ruhusa kazini. Nimecheka kama wengine. Ila katikati mtu alidondosha swali likapitwa: huu mchezo wa kupima uanaume kwa chakula, nani anafaidika nao? Kwa kuwa kazi iliyonilisha muda mrefu ni kuandika matangazo ya redio, nimeona nilijibu kwenye uzi wake. Ni mrefu. Mwenye chai amimine.

Ninachosema nakiweka juu kabisa, mtu asinisome nusu. Tangazo la chakula likichezea habari za ushoga, mara nyingi haliwaambii mashoga chochote. Linaongea na wewe mwanaume wa kawaida. Linakuonyesha aibu inayoweza kukupata, halafu linakuuzia kinga yake kwa bei ya pipi. Shoga kwenye hilo tangazo si mteja, ni adhabu anayotishiwa mteja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 4 Februari 2007, fainali ya mpira wa Kimarekani, ile wanayoiita Super Bowl, Indianapolis Colts dhidi ya Chicago Bears. Watazamaji zaidi ya milioni 90, na sekunde 30 za tangazo zikiuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Kampuni ya Mars ikaleta tangazo la Snickers, ile chokoleti ndefu yenye karanga ndani. Mafundi gari wawili wameinamia injini. Mmoja anabana Snickers kwa meno ili mikono iendelee na kazi. Mwenzake anaitazama, anaitazama tena, uzalendo unamshinda, anaanza kuitafuna kutoka ncha ya pili. Wanakutana katikati, midomo inagusana. Wanaruka nyuma kama waliopigwa shoti, mmoja anasema haraka, tufanye jambo la kiume, na kila mmoja anajinyofoa nywele za kifuani kwa mkupuo huku akipiga yowe.

Mpaka hapo utasema ni utani tu. Balaa lilikuwa kwenye tovuti yao. Huko waliweka miisho mingine ya tangazo ili watu wapigie kura, na katika mmojawapo mafundi wale baada ya kugusana midomo wanashambuliana kwa vyuma vya gereji. Pembeni wakaweka video za wachezaji wa timu zile mbili wakitazama lile busu na kukunja nyuso. Mashirika ya kutetea haki za mashoga, Human Rights Campaign na GLAAD, yakauliza: kwa hiyo wanaume wawili wakigusana kwa bahati mbaya, jibu lake ni kipigo? Mars ikaondoa tangazo na tovuti ndani ya siku chache.

Ungedhani somo limeingia. Mwaka uliofuata, Uingereza, Snickers hiyo hiyo. Jamaa anafanya zoezi la kutembea haraka, kaptura ya njano imembana, kiuno kinacheza kama kinavyocheza kwa kila mtu wa mchezo ule. Mara anatokea Mr T, mwigizaji wa Kimarekani wa misuli na ubabe, juu ya gari, anamwambia ni aibu kwa jamii ya wanaume, akimbie kama dume, kisha anammiminia Snickers kwa bunduki. Malalamiko yakaja, tangazo likaondolewa.

Halafu Hispania, mwaka 2021. Aless Gibaja, mtu maarufu wa mitandaoni mwenye madaha yake, yuko ufukweni na rafiki. Anaagiza juisi ya machungwa kwa maringo na maneno ya mahaba, mhudumu anashangaa, anampa aiskrimu ya Snickers. Anaing'ata mara moja tu, anageuka jamaa mwenye ndevu na sauti nzito. Anaulizwa, vipi, afadhali? Afadhali. Na kaulimbiu ile ya "ukiwa na njaa huwi wewe". Yaani yule wa madaha alikuwa ni ugonjwa wa njaa. Wiki chache kabla, kijana mmoja alikuwa ameuawa kwa kipigo mjini A Coruña, na maandamano yalijaa miji ya Hispania kwa sababu watu waliamini aliuawa kwa kudhaniwa shoga. Katika hali hiyo ndipo tangazo lilipoingia. Hata waziri wa usawa, Irene Montero, alilipinga hadharani. Likafutwa, radhi ikaombwa.

Miaka 14, nchi tatu, kichekesho kimoja. Na nisiwaonee, kaulimbiu hiyo hiyo ilianza vizuri mwaka 2010 kwa Betty White, mwigizaji wa Marekani, bibi wa miaka 88, akipigwa mweleka matopeni kwenye mpira. Pale unacheka pamoja na bibi. Mimi lile nalisamehe mpaka leo.

Sasa kwa nini chakula na si saruji? Saruji inajiuza kwa nguvu zake, ukuta ukipasuka utajua. Chokoleti ni sukari, maziwa na kakao. Ya huyu na ya yule zinakaribiana mno. Mwandishi wa tangazo hana budi kuazima maana kutoka nje ya pakiti, na iliyo jirani kuliko zote ni jinsia. Kwa miaka mingi chokoleti huko Ulaya ilitangazwa kama zawadi ya mwanamke na tuzo ya mtoto. Mwanaume mwenye njaa saa kumi jioni umuuzieje? Yorkie ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1976, ikapewa dereva wa lori. Mwaka 2001 Nestlé, wakiwa ndio wenye Yorkie, wakaandika kabisa kwenye karatasi yake kwamba si ya wasichana, na alama ya katazo juu ya mchoro wa mwanamke. Mwaka 2011 Marekani ikaja soda ya Dr Pepper Ten na maneno kama hayo, si ya wanawake, kwa kuwa ilikuwa na kalori 10 tu na vinywaji vya kalori chache vilishahesabiwa kuwa vya kike. Ukishamfukuza mwanamke kwenye pakiti, anayefuata kufukuzwa ni mwanaume anayedhaniwa kufanana naye.

Na hapa kwetu je? Nimewahi kukaa kwenye kikao na mteja, jina kapuni, mwenye kinywaji cha kuongeza nguvu. Akataka tuweke jamaa wa sauti nyembamba anayebana pua, akinywa tu sauti inashuka, wanawake wanageuka. Nikauliza huyu wa sauti nyembamba mnamuuzia nini. Akanijibu bila kusita: "Huyo si wa kununua, huyo ni wa kuchekwa."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza hii biashara kwa ufasaha zaidi ya hapo. Karibuni.

Kiti cha Nyuma:

Nimeweka kambi. Uzi bila video hauna nguvu mkuu, ila hilo la wale mafundi nimeliona akilini kama nipo gereji.

Muuza Mihogo:

Bosi Bango, mimi nauza mihogo mibichi, nazi na karanga mbichi, jioni jioni. Kibao changu kimeandikwa HESHIMA YA NDOA. Jirani yangu wa supu ya pweza kaandika maneno ambayo moderator hapa hatayaruhusu. Sijawahi kumtaja shoga wala kumcheka mtu. Na wateja wananunua, wengine wanajifanya wanaongea na simu huku wananyooshea kidole muhogo. Sasa na mimi nimo kwenye huo uzi wako?

Bango la Barabarani:

Muuza Mihogo, umo mlangoni. Wewe unauza ahadi, na ahadi yenyewe kama ni ya kweli au la hilo ni lako na mwenye ndoa. Wenzako wa Snickers wanauza kitisho. Tofauti yake utaiona kwenye nani anaumia tangazo likiisha. Kwenye kibao chako hakuna mtu aliyesimamishwa pembeni achekwe ili muhogo uuzike.

Ila chekesho lenyewe ni kwamba kaulimbiu ya lile tangazo la Mr T iliwaambia wanaume wapate karanga, "nuts", neno ambalo kwa Kiingereza lina maana mbili, ile ya mdomoni na ile ya uanaume unayoijua wewe. Walilipa wakala wa London kwa kitu ambacho wewe unakiimba bure Kariakoo.

Muuza Mihogo:

Nawadai radhi na mrabaha.

Ustadhi wa Mtaa:

Assalaam alaykum. Ndugu mleta mada, naomba nikuulize bila kukuvunjia heshima. Unachotaka ni matangazo yaache kuwacheka hawa watu, au yaanze kuwaonyesha? Maana hayo ni mambo mawili. La kwanza nakubaliana nawe. Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine, na haikuweka orodha ya wanaoruhusiwa kudharauliwa. La pili siliafiki, na sheria ya nchi hailiafiki. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinajulikana, adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Usije ukatuingiza la pili kwa mlango wa la kwanza.

Bango la Barabarani:

Ustadhi, shikamoo. Swali lako ni zito, na umelitenganisha vizuri kuliko nilivyolitenganisha mimi.

Kwenye uzi huu nazungumzia la kwanza, ila nikupe sababu moja kwa nini linamhusu hata asiyejali kabisa la pili. Mwelekeo wa kimapenzi wa mtu hauonekani kwa macho. Kamera haiwezi kuupiga picha, maikrofoni haiwezi kuurekodi. Mwandishi wa tangazo ana sekunde 30, kwa hiyo anatafuta alama: sauti nyembamba, mkono uliolegea, kaptura ya kubana, juisi badala ya soda, kuagiza kwa madaha. Alama zote hizo zinabebwa na watu wengi ambao hata si mashoga. Yule wa kaptura ya njano alikuwa anafanya mchezo ulioko kwenye Olimpiki. Kifungu ulichokitaja kinahukumu tendo. Tangazo linahukumu sauti. Una kijana mtaani kwako ambaye sauti yake haijavunjika sawasawa, anajua Qur'ani nzima, na shuleni wanamwita jina ambalo sitaliandika. Kalisikia wapi aliyemwita?

Na hilo la pengo kati ya "kuonyesha" na "kucheka" kuna kisa chake kizuri. Juni 2008, Uingereza, tangazo la mayonezi ya Heinz. Asubuhi nyumbani, watoto wanachukua sandwichi zao kwa "mama", ila mama ni mwanaume mnene mwenye aproni, mwuza sandwichi wa New York na lafudhi yake. Maana yake ni kwamba mayonezi ni tamu kiasi kwamba ni kama umefuga mwuza sandwichi jikoni. Baba anataka kutoka, "mama" anamkumbusha amesahau kitu, baba anambusu haraka kama waume wengi wanavyoaga. Hakuna shoga kwenye hadithi! Ni mama wa nyumbani aliyechorwa kwa sura nyingine. Malalamiko kama 200 yakafika ASA, mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, ndani ya wiki moja, wengine wakisema watalazimika kuwaeleza watoto habari za wanaume kubusiana. Heinz wakaliondoa. Hapo upande wa pili ukawaka, Stonewall, shirika la Uingereza la kutetea haki za mashoga, wakaitisha mgomo wa kutonunua Heinz kwa sababu ya kuliondoa. Kampuni ikapigwa mashavu yote mawili kwa busu ambalo halikuwa la mashoga.

Kituko ninachokipenda: tangazo lile lilikuwa tayari limezuiwa kuonyeshwa kwenye vipindi vya watoto, kwa sababu ya mafuta ya mayonezi.

Mbeba Boksi:

Nipo Uingereza, niongezee. Mwaka 2021 Cadbury walisherehekea miaka 50 ya Creme Egg, lile yai la chokoleti lenye ute wa sukari ndani. Kwenye tangazo walionyesha namna mbalimbali watu wanavyolila: anayelamba, anayeoka, anayejificha. Katikati yupo mwanaume na mwanaume mwenzake, wapenzi wa kweli nje ya tangazo pia, wanalishana yai moja mdomo kwa mdomo. Ombi la kulipinga likazungushwa mtandaoni likapata saini zaidi ya 25,000. ASA wakapokea malalamiko kama 40, wakaangalia, wakasema hakuna kanuni iliyovunjwa.

Sasa weka hilo pembeni na lile la mafundi gari la 2007. Picha ni ile ile! Wanaume wawili, chokoleti moja, midomo inakutana katikati. La kwanza wanajinyofoa nywele, la pili wanaendelea kula.

Mimi kazini kwetu ghala, tuliokuwa tunabishana chakula cha mchana, aliyelichukia zaidi alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, na hoja yake haikuwa ya dini wala ushoga. Alisema tupo katikati ya korona na hawa wanabadilishana mate. Na ukweli ule ute unatisha ukinyooka vile, hata wangekuwa mke na mume.

Kiti cha Nyuma:

Mbeba Boksi umenifanya nisitishe chai.

Samahani kwa swali la kitoto. Wazee wetu wanasema hawa kuku wa kizungu na chipsi ndio wanaowalegeza vijana, na kuna wanaosema soya pia. Kuna ukweli au ndiyo haya haya?

Mwanafunzi wa Lishe:

Kiti, hilo niachie. Halina ukweli. Kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya uzao uliochaguliwa kwa vizazi vingi na chakula kilichokokotolewa, ndiyo maana wiki tano au sita yuko mezani. Marekani kwenyewe kuwapa kuku homoni kumepigwa marufuku tangu miaka ya 1950, na hata mfugaji akitaka hana faida nayo, sindano kwa kuku mmoja mmoja bandani lenye maelfu nani atazichoma? Soya ina vitu vya mimea vinavyofanana kidogo na homoni ya kike kwa umbo. Wanaume wamepimwa katika tafiti nyingi wakiila, na homoni yao ya kiume haikushuka. Na kabla ya hapo, homoni kupanda au kushuka siyo inayoamua mtu ampende nani.

Ila usidhani ni wazee wetu tu. Aprili 2010 Rais Evo Morales wa Bolivia, kwenye mkutano mkubwa wa mabadiliko ya tabianchi huko Tiquipaya karibu na Cochabamba, alisimama akasema kuku wanaochomwa homoni za kike ndio wanaowafanya wanaume wanaowala wapotoke katika uanaume wao. Dunia nzima ikamshukia, serikali yake ikahangaika kufafanua. Rais wa nchi, mkutano wa tabianchi, kuku.

Binti Chumbageni:

Kaka Bango na kaka zangu wote, nimesoma mpaka hapa nikawa nahesabu wanawake. Bibi Betty matopeni, mchoro uliokatazwa kwenye Yorkie, na bibi wa ghalani. Hata kwenye kudhalilishwa mmejipendelea.

Mnasema mwanaume laini anachekwa. Mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake kwenye matangazo ya chakula hata hachekwi, hayupo. Na hayupo kwa sababu kiti chake jikoni kishakaliwa na "mama". Mfano niujuao ni wa Barilla, kampuni ya tambi ya Parma tangu 1877. Septemba 2013 Guido Barilla alihojiwa redioni. Mjadala ulianza kwa mama mmoja, Laura Boldrini, spika wa bunge la Italia, aliyelalamika kuwa matangazo yanamwonyesha mwanamke kila siku akihudumia meza. Kutoka hapo mzee akafika kusema yeye hatafanya tangazo la familia ya mashoga, kwao familia ni ya kijadi na mwanamke ana nafasi ya msingi ndani yake, na mashoga wasioridhika wakale tambi nyingine. Mnaona njia aliyopita? Aliulizwa kuhusu mama aliyesimama na bakuli, akajibu kuhusu mashoga. Kwake ni swali moja. Ukimruhusu mama akae chini ale na wenzake, picha yote inayumba.

Wakamgomea dunia nzima, wapinzani wake wa kibiashara wakarukia nafasi. Akaomba radhi kwa video, akateua mtu wa kusimamia mambo ya ujumuishi, na mwaka 2014 kampuni yake ikapata alama 100 kwenye kipimo cha Human Rights Campaign, wale wale uliowataja kwenye Snickers. Mwaka 2018 wakatoa boksi la tambi lenye mchoro wa wanawake wawili wameshika ncha mbili za tambi moja mdomoni. Kwa hiyo ile picha ya chokoleti na yai sisi tulipewa kwa tambi, na kwa boksi la toleo maalumu.

Bango la Barabarani:

Dada Binti, nimekusoma mara mbili. Hilo la Barilla nilikuwa nimelipanga kama kisa cha mfanyabiashara aliyeropoka. Ulivyoliunganisha na Boldrini limekuwa jambo jingine kabisa.

Mkenya wa Likoni:

Hebu niwaharibie starehe kidogo. Nyinyi mnazungumza kana kwamba hizi kampuni zimeokoka. Mwaka 2010 McDonald's Ufaransa walitoa tangazo la kijana anayeongea na mpenzi wake wa kiume kwa simu, baba anarudi na sinia hajui kitu, anamwambia mwanawe ni bahati mbaya darasa lenu ni la wavulana tu, ungewapata wasichana wote. Kijana anatabasamu. Tangazo zuri wallahi, halina kelele, baba ndiye asiyejua. Bosi mmoja mkubwa wa McDonald's Marekani alipoulizwa kama litaonyeshwa kwao, akasema hapana. Mkate ule ule, nyama ile ile!

Mwaka 2019 Coca-Cola Hungary waliweka mabango ya wapenzi wa jinsia moja kabla ya tamasha la muziki la Sziget, mbunge wa chama tawala akaitisha mgomo. Sasa niambieni, bango hilo umeliona Mombasa? Umeliona Riyadh? Huyo mtu hana msimamo, ana ramani. Pale anapohesabu wateja wengi wa kukubali anakubali, pale wanapokataa anakuwa kimya, na pale wanapocheka anacheka nao.

Na hayo matangazo mapya yana mtindo wao wa kukariri pia. Kila wapenzi wa jinsia moja kwenye tangazo ni wembamba, warembo, jiko jeupe, mbwa mmoja. Hakuna mwenye kitambi. Hakuna anayedaiwa kodi ya nyumba.

Ustadhi wa Mtaa:

Mkenya hapo umesema kweli, mimi na wewe tumekutana kwa njia tofauti.

Bango la Barabarani:

Likoni, nakubali sehemu kubwa, ila si yote. Kampuni inafuata soko, hilo halina ubishi. Lakini kuna wakati kanuni ndiyo inaivuta. Juni 2019 Uingereza walianza kutumia kanuni inayokataza matangazo yenye picha za kukariri za kijinsia zenye madhara. Agosti mwaka huo yakapigwa marufuku mawili ya kwanza, na moja lilikuwa la chakula, jibini ya Philadelphia: akina baba wawili wanashangaa vyakula vinavyopita kwenye mkanda wa mgahawa mpaka watoto wao wachanga wanapanda mkanda na kuzunguka nao. Hakuna shoga, hakuna mwanamke aliyetukanwa. Walisema linafundisha kwamba baba hawezi kulea. Wengi waliona wamezidisha, na mimi lile tangazo lilinichekesha. Lakini sidhani kama yule wa Mr T angepita kwenye mlango huo leo.

Na wapo waliothubutu bila kusukumwa. Honey Maid, biskuti za Marekani, mwaka 2014 walionyesha familia za kila aina, mojawapo ya baba wawili na kichanga. Matusi yakamiminika. Wakayachapisha matusi yote, wakawapa wasanii wayakunje kuwa mirija ya karatasi iandike neno la upendo, halafu wakalizungushia karatasi za pongezi walizopata, ambazo zilikuwa nyingi zaidi. Ni biashara, ndiyo, waliuza biskuti. Ila wale baba wawili kwenye hadithi ile walikuwa wanakula, wanalea, na angalau mmoja wao anaonekana kakosa usingizi. Walikuwa wateja.

Mwandishi Chipukizi:

Kaka Bango shikamoo, mimi nipo kwenye hii kazi, bado mchanga. Nina andiko la tangazo la tomato sosi. Marafiki wawili kibandani, sahani moja ya chipsi mayai, wanabishana kipande cha mwisho, mmoja anamlisha mwenzie ili yaishe. Basi. Bosi kasoma akasema ni zuri ila hawa wasije wakaonekana "vile", ongeza msichana. Nimeongeza. Amekaa tu pale katikati, hana hata mstari wa kusema. Nifanyeje?

Bango la Barabarani:

Marahaba mdogo wangu. Tazama kilichotokea: bosi wako hajaona shoga kwenye andiko, kamleta yeye kisha akamletea msichana wa kumfukuza.

Kwetu pwani wanaume wanakula sinia moja, mkono na mkono, unamkatia mwenzio nyama unamsogezea. Wanatoka msikitini wameshikana mikono wanatembea mtaa mzima wanaongea habari za mpira. Mgeni ndiye huuliza maswali. Ukiweka watu wawili wanaokula sahani moja ukaogopa, umeuchukua woga wa wale mafundi gari wa 2007 ukauleta kwenye kibanda cha chipsi ambako haukuwepo. Muulize bosi huyo msichana anafanya nini pale. Kama ana kazi, mpe mstari, ale na yeye. Kama hana, mtoe.

Ustadhi wa Mtaa:

La sinia naunga mkono kwa mikono yote. Na mlaji apige bismillah kwanza, mliweke hilo kwenye tangazo.

Mwandishi Chipukizi:

Nimeelewa wakuu. Kesho namtoa, au nampa chipsi. Nikifukuzwa nitakuja kuomba kazi kwa Muuza Mihogo.

Muuza Mihogo:

Uje na kisu chako.